Mzigo Haujafika? Hela Irudi

Wapambanaji wenzangu, leo siandiki kuhusu Katiba Mpya wala Tume ya Uchaguzi. Naandika kuhusu laki tatu na themanini.

Hiyo ndiyo hela niliyotuma Novemba mwaka jana, kwa mtu ambaye sikuwahi kumuona, ili kumnunulia Mama yangu mashine ya ovaloki. Mama ni fundi nguo Makambako. Ana cherehani kimoja cha miguu alichonacho tangu sijazaliwa, na kila sare ya shule anayoshona inabidi aibebe hadi kwa fundi mwingine sokoni akapigiwe ovaloki, kwa kulipia. Msimu wa sare ni Desemba na Januari. Nikapiga hesabu zangu: nikilibana bumu mihula miwili, nikaongeza na hela ninayopata kwa kusuka wenzangu hosteli, Mama anauingia msimu akiwa na mashine yake mwenyewe.

Mashine nikaiona Instagram. Ukurasa mzuri, wafuasi wengi, picha za mashine zimepangwa dukani Kariakoo, na chini ya kila picha "bei njoo inboksi". Nikaenda inboksi. Jamaa mchangamfu kweli kweli. "Karibu mpendwa, mzigo upo, mikoani tunatuma, siku tatu umeshafika. Malipo kwanza. Tuma na ya kutolea." Na mimi, mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu niliyefaulu somo la mikataba, nikatuma na ya kutolea.

Siku ya nne nikaambiwa mzigo upo njiani. Siku ya saba, gari limeharibika Mikumi. Siku ya kumi, "dada yangu nina msiba". Siku ya kumi na mbili ujumbe wangu ukabaki na tiki moja. Nimeblokiwa.

Mama alikuwa ameshapokea oda za sare 38 akiitegemea hiyo mashine. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia tu kwenye simu, "Basi mwanangu, ndiyo dunia. Tushukuru uzima." Hayo maneno yaliniuma kuliko hela yenyewe. Mama anaona kuibiwa mtandaoni ni kama mvua ya mawe: ikishapiga mahindi imepiga, unamshtaki nani? Na ukiangalia vizuri, karibu sote tunaamini hivyo hivyo. Nani kati yenu hajawahi kutuma hela, mzigo usije, akasema "nimeliwa" halafu maisha yakaendelea?

Naandika leo kusema kwamba hatujaliwa. Tunadai. Na kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyeliwa na mtu anayedai.

Sheria mbili za mwaka mmoja

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mbili ambazo hata namba zake zinafuatana. Na. 13 ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Na. 14 ni Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ni kama mapacha.

Na. 14 mnaijua wote, hata ambaye hajawahi kuishika. Kifungu chake cha 16, kile cha taarifa za uongo, ndicho kilichowafikisha vijana mahakamani kwa sababu ya walichoandika Facebook au WhatsApp. Tumefanya semina juu yake. Tumeshonesha na fulana.

Sasa niambieni, nani hapa anaijua Na. 13?

Na. 13 ndiyo inayosema kwamba mkataba uliofanyika kwa njia ya kielektroniki ni mkataba. Inamtaka anayeuza mtandaoni amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, bei kamili ni kiasi gani. Inasema kama hamkukubaliana muda mwingine, muuzaji atekeleze oda ndani ya siku 30. Muda ukipita bila mzigo, mnunuzi ana haki ya kuvunja mkataba kwa kumpa muuzaji taarifa ya maandishi ya siku 7. Kifungu cha 18 nacho kinaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, maana yake yale mazungumzo yenu ya inboksi na ule ujumbe wa muamala kwenye simu yako ni ushahidi kama karatasi yoyote yenye muhuri.

Na kabla hata ya Na. 13 kuzaliwa tulikuwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinasema aliyevunja mkataba anamlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Aliyepokea hela yako kwa udanganyifu tangu mwanzo, akijua kabisa hana mzigo wala hana mpango wa kuwa nao, huyo anaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302. Hayo ni makosa ya jinai.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba nchi hii haina sheria. Sheria ipo. Shida ni kwamba kati ya wale mapacha wawili, mmoja kalelewa, kapewa ofisi, magari na askari wa kumtembeza. Mwenzake wametupiwa watu kwa Kiingereza na kuachwa ajikuze mwenyewe.

Milango mitatu

Nilianza na polisi. Nikaingia kituoni na skrinishoti zangu nimezichapisha, ujumbe wa muamala, namba ya simu na jina lililotokea wakati natuma hela. "Shikamoo afande." Afande akaangalia karatasi ya kwanza tu. "Binti, hii ni madai. Nenda mahakamani." Nikamwambia afande, huyu mtu kaniblokia na picha za duka anazotumia nina wasiwasi si zake, huenda ni udanganyifu, naomba nifunguliwe RB. Akaniuliza, "Wewe umejuaje kuwa ni udanganyifu kabla hatujachunguza?" Nikamjibu ndiyo maana naomba mchunguze. Tukabaki tunaangaliana.

Nilipokuwa naondoka akaniita, na sauti yake ilikuwa ya mzazi, sisemi alikuwa mtu mbaya. "Na usije ukamposti huyo kijana huko mtandaoni. Atakufungulia kesi wewe."

Mmeelewa hapo? Aliyechukua laki tatu na themanini yangu hana kesi. Mimi nikiandika kwamba kaichukua, naweza kuwa na kesi. Na. 13 haikutajwa hata mara moja kwenye kile chumba. Na. 14 ilitajwa, tena dhidi yangu.

Mlango wa pili ni kampuni ya simu. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza vizuri, akaniambia kurudisha muamala kunawezekana kama nilikosea namba na hela bado ipo. Mimi sikukosea, niliingiza namba ya siri mwenyewe kumlipa niliyemkusudia. "Lete barua ya polisi." Polisi nimetoka.

Mlango wa tatu ni Mahakama ya Mwanzo. Karani aliniuliza swali moja la maana sana: "Mdaiwa anaishi wapi? Tumpelekee wapi samansi?" Mimi nina namba ya simu na jina. Anwani anayo kampuni ya simu, ambayo inataka barua ya polisi, ambao wanasema niende mahakamani, ambako wanataka anwani.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi la mahakama nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa sababu, wapambanaji, tukumbushane. Mwaka 2019 Serikali ilituambia kila laini ya simu lazima isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Tukapanga foleni. Wengine tulilala kwenye ofisi za NIDA. Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, na bibi zetu vijijini wakazimiwa simu. Tuliambiwa sababu ni nini? Kukomesha utapeli. Sasa kidole cha kijana aliyechukua hela yangu kipo serikalini. Jina lake la tatu lipo. Ila mimi niliyeibiwa ndiye niende nikatafute anwani yake.

Na mwaka 2021, mwezi wa saba, ilipokuja ile tozo ya miamala ya simu, mfumo haukushindwa kuuona muamala hata mmoja. Kila shilingi iliyotembea ilionekana na ikakatwa. Serikali ikiwa inachukua chake, simu yako ni kioo. Ukiwa unatafuta chako, simu hiyo hiyo ni giza.

Hela ilivyorudi

Ilirudi, na sitaki mfikiri ilirudi kwa ushujaa.

Nina rafiki darasani ambaye kaka yake ni winga Kariakoo. Kwa mlio mikoani, winga ni kijana asiye na duka. Anakudaka mtaani au mtandaoni, anakupeleka kwenye duka la tajiri, anaweka cha juu kwenye bei, anakula tofauti. Mawinga wanajuana. Nilimtumia kaka yake jina lililotokea kwenye muamala, na siku ya pili nikapigiwa: njoo, tumemuona.

Nilimkuta anakula wali maharage kibarazani. Kijana wa rika langu. Hana duka, yale ya kwenye picha ni ya mtu wa mtaa wa pili ambaye wala hajui kama anapigwa picha. Niliandaa hotuba njia nzima kwenye daladala, lakini yeye ndiye aliyeanza kuongea. "Dada, sikukuibia. Hela yako nilinunulia mzigo wa mteja wa kabla yako, maana hela yake nilishaitumia. Wa kwako ningeununua kwa hela ya atakayekuja." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ratiba ya kazi.

Sikumhurumia siku ile. Leo namfikiria tofauti kidogo. Yule si jambazi la mtandao wa kimataifa. Ni kijana aliyeingia kwenye biashara bila mtaji na bila hesabu, katika nchi isiyompa ajira, akagundua kwamba ukichelewesha mzigo hakuna kinachokupata. Hiyo ndiyo shule aliyosomeshwa: kwamba kutokurudisha hela hakuna gharama. Na kama kungekuwa na gharama, nadhani asingelifikia shimo lile.

Nilimpa taarifa yangu ya siku 7, nakala mbili. Akasaini moja mbele ya mawinga wenzake, nadhani kwa aibu zaidi ya sheria. Siku ya saba akatuma laki moja na nusu. Januari akatuma laki moja. Halafu kimya. Lakini sasa nilikuwa na mahali pa kupeleka samansi. Februari nikafungua madai ya laki moja na thelathini iliyobaki kwenye Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Alipopata samansi, siku moja kabla ya shauri kutajwa, akaleta yote.

Machi nikanunua mashine, Kariakoo hiyo hiyo, dukani, nikaijaribu kwa mkono wangu, nikachukua risiti na kuipakia kwenye basi. Msimu wa sare ulikuwa umekwisha. Kati ya zile oda 38, Mama alirudisha 21. Sheria ingeniruhusu kudai na hasara ile. Sikudai. Nilikuwa nimechoka, na mitihani ilikuwa imekaribia.

Sasa hesabuni. Nilirudishiwa hela yangu kwa sababu nasoma sheria, nakaa Dar es Salaam, na namjua mtu Kariakoo. Ondoa kimoja tu kati ya hivyo vitatu, sipati hata mia. Mwenzangu wa chumba alituma elfu 65 ya viatu kwa muuzaji aliyesema yupo Mwanza. Aliacha. Nauli ya kumfuata peke yake ingezidi viatu. Haki inayomfikia mtu kwa kujuana haiwezi kuitwa haki. Hiyo ni bahati tu, na bahati hatuipigii kura.

Wanaosema ni uzembe wetu

Nimeshasikia majibu mawili, na nayaheshimu yote.

La kwanza ni "uzembe wenu, nani kakwambia utume hela kwa mtu usiyemjua?" Sawa. Nilizembea. Lakini mtu akiacha mlango wazi na akaibiwa, polisi hawamwambii aende na mlango wake. Na ukweli ni kwamba fundi wa Makambako, mkulima wa Mbozi au mwanafunzi wa Kigoma hana duka la ovaloki mtaani kwake. Mtandao ndiyo duka lake. Serikali yenyewe inatuhimiza kila siku tuwe na uchumi wa kidijitali. Huwezi kumhimiza mtu aingie sokoni halafu akiporwa umuulize sokoni alifuata nini.

La pili ni zito zaidi: "Mkibana sana mtaua biashara za vijana wenzenu." Hapa niseme wazi. Anayeumia kuliko wote na hali hii ni muuzaji mwaminifu. Muulizeni yeyote anayeuza mtandaoni. Kwa kuwa watu wameshaumizwa, kila mteja sasa anataka kulipa mzigo ukifika. Muuzaji anamlipa bodaboda kwa hela yake, boda anafika Mbezi, mteja kazima simu. Mzigo unarudi, nauli imekwenda. Yule kijana mwaminifu analipa deni la yule winga. Mfumo wa kurudishiana hela unaoeleweka ndiyo mtaji ambao vijana wanaouza mtandaoni hawajawahi kupewa.

Ufanye nini leo

Wakati tunasubiri hayo mengine, haya unaweza kuanza nayo leo.

1. Kabla hujalipa, omba jina la biashara na mahali ilipo. Kama anayo Lipa Namba, lipa huko. Litatokea jina la biashara. Akikataa na kung'ang'ania namba yake binafsi "na ya kutolea", hapo umeshajibiwa.

2. Andikianeni tarehe. "Nimekulipa kiasi hiki, kwa kitu hiki, nitakipata kabla ya tarehe fulani." Naye ajibu "sawa". Hiyo "sawa" moja ina nguvu kuliko simu kumi za kubembelezana.

3. Piga skrinishoti mapema, kabla hujablokiwa: ukurasa, picha ya bidhaa, bei, mazungumzo, namba ya muamala. Usifute ujumbe wa muamala kwa ajili ya kupunguza nafasi kwenye simu.

4. Tarehe ikipita, usitukane. Tuma taarifa ya maandishi: naomba kurejeshewa kiasi fulani ndani ya siku 7, la sivyo nitachukua hatua za kisheria. Ujumbe wa simu au barua pepe, weka nakala.

5. Wapigie kampuni ya simu siku hiyo hiyo unapogundua, usisubiri wiki. Dai namba ya malalamiko. Usiporidhika na walivyoshughulikia, Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na inapokea malalamiko. Namba ya tapeli unaweza kuituma TCRA kupitia 15040. Matangazo ya uongo ya bidhaa ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

6. Nenda polisi na maneno sahihi. Usiseme "nimenunua kitu hakijafika". Sema "nimedanganywa, nikatoa fedha", kama kweli ndivyo ilivyokuwa, na ueleze uongo ulikuwa upi. Omba RB. Ukinyimwa, muombe mkuu wa kituo.

7. Ukimjua alipo, Mahakama ya Mwanzo. Utajieleza kwa Kiswahili na huhitaji wakili.

Tudai nini

Hizo hatua saba ni za mtu mmoja mmoja. Sisi ni chama.

Tudai kwamba mtu akitoa taarifa mapema, kiasi kinachobishaniwa kizuiwe kwa muda kwenye akaunti ya aliyepokea hadi pande zote zisikilizwe. Teknolojia iliyoweza kukata tozo kwa sekunde inaweza na hilo.

Tudai kwamba anwani ya mwenye laini ipatikane kwa amri nyepesi ya Mahakama ya Mwanzo, bila mlalamikaji kuzungushwa milango mitatu. Si kwamba mimi nipewe taarifa za mtu mkononi, hapana. Mahakama izipate, imfikishie samansi.

Tudai utaratibu wa haraka wa madai madogo. Wenzetu Kenya walitunga sheria ya mahakama za madai madogo mwaka 2016, zikaanza kazi Nairobi mwaka 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za kwao, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Hawajawa malaika, lakini mnunuzi wa kule ana mlango wenye jina lake.

Na tudai Na. 13 iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ibandikwe kwa kila wakala wa miamala. Karatasi moja tu: mzigo usipofika, haki zako ni hizi.

Tukitaka vijana waelewe kwa nini tunapigania utawala wa sheria, tuanze na sheria inayowahusu Jumanne asubuhi. Kijana asiyejali Tume ya Uchaguzi anaijali elfu 65 yake. Mwonyeshe kwamba kilichoipoteza elfu 65 na kinachoipoteza kura yake ni kitu kimoja: dola yenye mkono mrefu kwa anayesema, na mfupi kwa anayeibiwa.

Na sisi je?

Namalizia na jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kwenye kundi letu moja la WhatsApp, mwenzetu alikusanya hela za fulana za mkutano. Elfu 15 kila mtu, watu 31. Mkutano umepita miezi mitatu. Fulana hatujaziona, hela hatujaziona, na kila anayeuliza anaambiwa "acha kumchafua mwenzetu, adui atafurahi".

Adui hana haja ya kufurahi. Watu 31 walilipa, mzigo haujafika, hela irudi. Kama tunashindwa kurudishiana elfu 15 humu ndani, hiyo nchi tunayoiomba tutaiendesha kwa kitu gani? Ndugu yetu mhusika, hii ndiyo taarifa yako ya maandishi. Una siku 7.

Mama, kwa taarifa yenu, ameanzisha daftari. Wazee walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Kila mteja anayeacha kitambaa na kianzio anaandikiwa tarehe ya kuchukua nguo, na chini yake Mama anaandika kwa mkono wake: "Usipoikuta, nakurudishia." Na mnawajua mafundi nguo kwa ahadi! Fundi wa Makambako ambaye hajawahi kuisoma Na. 13 ameitekeleza kwa kalamu ya bluu. Nchi yenye alama za vidole vyetu vyote inashindwaje?